UZI MAALUMU: Leseni ya uuguzi imetoka, uanzie idara gani? Tuchambue wodi kwa wodi

Zamu_ya_Usiku

Wakuu, habari za kazi. Kila kundi jipya likipata leseni swali ni lilelile: "nianzie wapi?" Majibu nayo yanajulikana: anza medikali (wodi ya magonjwa yasiyohitaji upasuaji), nenda ICU (wodi ya mahututi) ukakomae, leba ndiko kwenye kazi. Hayo ni majina ya milango tu. Nafungua uzi huu tuseme kilichomo ndani ya kila mlango: mgonjwa ni wa aina gani, kosa gani humpata mgeni wa pale, na uulize nini kabla hujasaini.

Msimamo wangu nautanguliza ili anayepinga apinge mapema. Jina la idara lina uzito mdogo kuliko mambo matatu: utafanya kazi wiki ngapi bega kwa bega na muuguzi mzoefu kabla ya kuachiwa wagonjwa, utakuwa na wagonjwa wangapi mchana na wangapi usiku, na saa nane za usiku mgonjwa akibadilika, nani yuko karibu kiasi cha kumwita kwa sauti akasikia. Wodi ya kawaida yenye majibu mazuri kwa hayo matatu itakujenga. ICU yenye mashine mpya lakini mlezi wako, yaani muuguzi anayekufundisha, ana miezi sita kazini itakuchosha, na inaweza kumdhuru mgonjwa.

Kwenye usaili au siku ya kutembelea wodi, uliza hivi, na usiridhike na "usijali, tutakusaidia":

- Wiki za kufundishwa ni ngapi, na katika wiki hizo nahesabiwa kwenye idadi ya wauguzi wa zamu au niko nje ya hesabu? Ukihesabiwa tangu siku ya kwanza, hakuna mafunzo hapo, kuna pengo la ratiba linazibwa.
- Mlezi ni mmoja au nabadilishiwa kila zamu?
- Mgeni huanza kupangiwa usiku lini?
- Wauguzi wapya wa mwaka jana wako wapi sasa? Kama wote wameondoka, tafuta sababu kabla ya kusaini.
- Wodi nyingine ikipungukiwa, nani huazimwa? Mgeni akiazimwa mwezi wa kwanza hatajua hata mahali lilipo sanduku la dawa za dharura.

Kuhusu idadi ya wagonjwa, kipimo kimoja cha kulinganishia: jimbo la California nchini Marekani liliweka kikomo kisheria kuanzia 2004. ICU, muuguzi mmoja kwa wagonjwa 2, dharura 4, watoto 4, medikali na upasuaji ilianza 6 ikashuka hadi 5 mwaka 2005. Hospitali nyingi duniani ziko mbali na namba hizo, lakini ukiambiwa 15 kwa mmoja unajua umbali uliopo. Wagonjwa 15 kwenye zamu ya saa 12 ni dakika 48 kwa kila mmoja, humo humo dawa, kuandika, simu na chakula chako.

Karibuni.

---

Chati_Safi

Mkuu umeanza vizuri. Naichukua wodi ya medikali, maana ndiyo inayodharauliwa kuliko zote.

Watu huiona ni ya dawa na kubadilisha mashuka. Kazi yenyewe ni kumwona mgonjwa anayezidiwa polepole kabla hajaanguka. Chukua mtu mzima huyu: anapumua mara 22 kwa dakika, mapigo 112, namba ya juu ya presha 104, joto 37.8, oksijeni kwenye damu asilimia 96 bila mashine, anaongea vizuri. Hakuna namba hata moja inayotisha. Sasa zijumlishe kwa mfumo wa alama za onyo uliotolewa Uingereza mwaka 2012 na kuhuishwa 2017: upumuaji 22 ni alama 2, mapigo 112 ni alama 2, presha 104 ni alama 1. Jumla 5. Kwenye mfumo huo, 5 maana yake daktari aitwe aje haraka na vipimo virudiwe angalau kila saa. Ikifika 7 ni dharura kamili.

Kosa la mgeni liko hapo. Anaandika kila namba kwenye kisanduku chake, hazijumlishi, anaendelea na mgonjwa wa kitanda cha pili. Kosa la pili ni upumuaji. Mapigo na presha vinapimwa na mashine, upumuaji unahesabiwa kwa macho, kwa hiyo unabuniwa: wodi nzima inapumua mara 18 au 20. Na upumuaji ndio hubadilika mapema kuliko vingine mgonjwa anapozidiwa. Hesabu dakika nzima, mkono ukiwa kwenye kifundo cha mkono kana kwamba unapima mapigo, ili mgonjwa asijue akabadilisha pumzi.

Kingine utakachojifunza medikali na kutembea nacho popote ni kupanga muda. Karatasi moja ikunje mara tatu, kila mgonjwa safu yake: jina, kitanda, utambuzi, mzio, dawa na saa zake, dripu inaisha lini, kipimo gani kinasubiriwa. Weka duara kwa kila cha kufanya, kata duara kikifanyika. Zamu ikiisha unakabidhi kutoka kwenye karatasi hiyo, si kutoka kichwani.

Kuongeza damu pia ni huko. Watu wawili wahakiki jina, namba na kundi pembeni ya kitanda, si kwenye kaunta. Pima kabla ya kuanza, kaa na mgonjwa dakika 15 za mwanzo, pima tena. Chupa iishe ndani ya saa 4 tangu itoke kwenye friji. Mgeni huanzisha damu halafu anaenda kugawa dawa, na madhara mabaya zaidi hujitokeza ndani ya dakika zile zile alizoondoka.

---

Kanula_18

Upasuaji sasa. Tofauti yake na medikali ni kasi. Mgonjwa anarudi kutoka thieta (chumba cha upasuaji), ratiba ya kawaida ni vipimo kila dakika 15 kwa saa ya kwanza, halafu kila nusu saa, halafu kila saa, kwa utaratibu wa hospitali husika. Ukiwa na wawili waliorudi kwa kupishana dakika 20, asubuhi yako yote imekwenda.

Jambo la kukaa nalo kichwani: presha hudanganya. Mtu mzima mwenye afya hupoteza damu hadi takriban asilimia 30 presha ikiwa bado inaonekana salama, kwa sababu mishipa inajibana. Kinachotangulia ni mapigo kupanda, ngozi kuwa baridi, mkojo kupungua na mgonjwa kuanza kuhangaika kitandani. Mgeni anaona mgonjwa anahangaika, anafikiri ni maumivu, anaongeza dawa ya maumivu. Kabla ya hapo funua shuka, tazama kidonda, pitisha mkono chini ya mgongo (damu hutiririkia chini bila kulowesha bandeji ya juu), angalia dreni (mrija unaotoa damu na majimaji kwenye kidonda), angalia mfuko wa mkojo. Mtu wa kilo 60 anatakiwa kutoa angalau mililita 30 za mkojo kwa saa, yaani nusu mililita kwa kila kilo.

Na dreni ambayo haina kitu si habari njema moja kwa moja. Inawezekana imeziba au imejikunja chini ya mgonjwa. Ifuate kwa vidole toka ngozi hadi chupa.

---

Mlezi_wa_Wapya

Nakubaliana na wote, ila niweke pingamizi kwa wale watakaokuja kusema "lazima mwaka mmoja medikali kwanza". Si lazima. Ushauri huo ulitolewa wakati idara nyingine hazikuwa na mafunzo ya kupokea wageni kabisa. Anayetaka ICU na akapata ICU yenye miezi mitatu hadi sita ya mafunzo na mlezi wa kudumu, aende. Atajifunza mwili wa mgonjwa mahututi kwa kina ambacho medikali haina nafasi ya kukifundisha.

Lakini ajue anachokosa. ICU utakuwa na mgonjwa 1 au 2. Hutajifunza kugawanya macho kwa wagonjwa wanane, na ukihamishwa wodini baadaye utaumia kama mgeni.

Ugumu wenyewe wa ICU hauko kwenye mashine. Mashine unafundishwa. Ugumu ni kwamba mambo yanaharibika kwa sekunde na lazima mkono ujue pa kuanzia. Mifano miwili.

Mgonjwa yuko kwenye noradrenalini, dawa ya kupandisha presha, kwa pampu ya sindano. Dawa hii huisha nguvu mwilini ndani ya dakika chache. Sindano ikiisha ndipo ukaanza kuchanganya nyingine, presha itakuwa imeanguka kabla hujapata lebo. Sindano ya pili iwe imechanganywa, imehakikiwa na imewekewa lebo kabla ya ile ya kwanza kulia kengele. Na kamwe usisukume kitu kingine kwenye mrija uleule, maana utaingiza dozi yote iliyolala ndani ya mrija kwa mkupuo.

Mfano wa pili: mgonjwa wa mashine ya kupumulia, oksijeni inashuka ghafla. Mgeni anatazama skrini na kubonyeza vitufe. Hatua sahihi: muite mtu, mtoe mgonjwa kwenye mashine, mpumulishe kwa mfuko wa mkono wenye oksijeni asilimia 100. Akipanda, tatizo ni mashine. Asipopanda, angalia kwa mpangilio: mrija umehama? umeziba kwa makohozi? hewa imejaa nje ya pafu upande mmoja? Mpangilio huo uwe umeufanyia mazoezi kwa mdomo na mikono kabla haujahitajika.

---

MpyaKazini

Shukrani wakubwa. Dharura je? Wengi tunaitamani kwa sababu unaona kila kitu.

---

Kanula_18

Dharura inafundisha vingi, ila ina mtego mmoja mkubwa kwa mgeni: meza ya kupanga wagonjwa kwa uzito. Anayekaa pale anaamua nani asubiri na nani apite. Kazi hiyo inategemea kuwa umeshaona wengi walioonekana wazima na kumbe si wazima. Idara nzuri haimweki mgeni pale mwaka wa kwanza. Ukisikia "kila mtu anazunguka kwenye meza hiyo tangu wiki ya pili", hilo ndilo jibu lako.

Mambo ya saa ya dharura ambayo hayasubiri mgeni azoee: maumivu ya kifua, kipimo cha umeme wa moyo ndani ya dakika 10 tangu aingie mlangoni. Mshtuko unaotokana na maambukizi, antibayotiki ndani ya saa 1, na damu ya kuoteshwa maabara (kutafuta vijidudu) ichukuliwe kabla ya dozi hiyo endapo haitaichelewesha. Sukari ipimwe kwa kila aliyepoteza fahamu, kila mmoja, hata kama ananuka pombe au ndugu wana maelezo mazuri ya kilichotokea.

Kanula (mrija mdogo wa kuingiza kwenye mshipa) pia. Mgeni anachagua ya bluu, namba 22, kwa sababu inaingia kirahisi. Mgonjwa anayetoka damu anahitaji ya kijani namba 18 au ya kijivu namba 16, na mbili, mkono huu na huu. Namba ikipungua tundu linapanuka.

---

Dada_Mkunga

Wapendwa, wodi ya wazazi isiachwe nyuma. Kwanza hakiki leseni yako inakuruhusu nini. Nchi nyingine uuguzi na ukunga ni leseni mbili tofauti, nyingine ni moja. Usizalishe kwa leseni isiyokuruhusu eti kwa sababu zamu imepungukiwa.

Leba ni idara ambayo wagonjwa wengi si wagonjwa, na hiyo ndiyo hatari yake: macho yanazoea mambo kwenda vizuri. Kazi yako kubwa ni kusikiliza na kuandika kwa saa zake. Mapigo ya mtoto 110 hadi 160 kwa dakika. Uchungu ukishakolea sikiliza kila dakika 15 hadi 30, na mama anaposukuma kila dakika 5. Sikiliza wakati wa uchungu na mara unapoisha, maana mapigo yanayoshuka baada ya uchungu na kuchelewa kurudi ndiyo yanayosema mtoto anachoka. Patografu (chati ya kufuatilia uchungu) inayojazwa yote kwa pamoja baada ya mama kujifungua haimsaidii mtu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2020 unahesabu uchungu uliokolea kuanzia sentimita 5, zamani ilikuwa 4, kwa hiyo uliza wodi yako inatumia ipi.

Damu baada ya kujifungua: mililita 500 ni dharura, na kwa macho tu huwa tunakadiria chini ya ilivyo. Pima kwa chombo au pima uzito wa vitambaa, gramu 1 ni sawa na mililita 1 hivi. Ukiona inatoka: ita watu, kanda mfuko wa uzazi, toa mkojo kwa katheta maana kibofu kilichojaa huzuia mfuko kujibana, oksitosini (dawa ya kuubana mfuko wa uzazi) yuniti 10, dripu kubwa inayokimbia, kisha tazama kondo limetoka zima na kama kuna michaniko. Traneksamiki asidi (dawa ya kupunguza kutoka damu) gramu 1 kwenye mshipa polepole, dakika 10, ndani ya saa 3 tangu kujifungua. Na oksitosini inatunzwa nyuzijoto 2 hadi 8. Iliyokaa juu ya toroli kwenye joto wiki nzima inaweza isifanye kazi siku ukiihitaji.

Kifafa cha mimba na magnesiamu: kabla ya kila dozi angalia goti linaruka likigongwa, anapumua mara 16 au zaidi, mkojo si chini ya mililita 30 kwa saa. Kimoja kikikosekana usitoe, mwite daktari. Kalsiamu glukoneti, dawa ya kuipinga magnesiamu ikizidi, gramu 1 iwe pembeni ya kitanda, siyo stoo iliyofungwa.

Mtoto akitoka halii: mkaushe, mpe joto, mchochee, na asipopumua mfuko na barakoa vianze ndani ya dakika 1, mara 40 hadi 60 kwa dakika. Kwa hiyo barakoa ya saizi ya mtoto mchanga inajaribiwa mwanzo wa zamu, kila zamu.

---

Dozi_kwa_Kilo

Wodi ya watoto ni hesabu. Anayeogopa hesabu asiikimbie, ajifunze, lakini asiende mahali ambapo hakuna wa kuhakiki naye.

Parasetamo miligramu 15 kwa kilo. Mtoto wa kilo 12: miligramu 180. Dawa ya maji ni miligramu 120 kwa mililita 5, basi ni mililita 7.5. Hiyo rahisi. Sasa mofini, dawa kali ya maumivu, miligramu 0.1 kwa kilo: mtoto yuleyule anahitaji miligramu 1.2. Chupa ina miligramu 10 kwenye mililita 1. Kiasi sahihi ni mililita 0.12. Mtu aliyechoka anasoma "1.2" anavuta mililita 1.2, na mtoto anapewa miligramu 12, mara kumi ya dozi. Kinga yake: changanya miligramu 10 zifike mililita 10, sasa kila mililita ni miligramu 1, unavuta 1.2 ya miligramu na 1.2 ya mililita zikiwa kitu kimoja. Weka lebo palepale, la sivyo mwenzako atashika sindano asijue ipi imechanganywa.

Kuhakiki maana yake kila mmoja apige hesabu yake peke yake kisha mlinganishe. Kumwonyesha mwenzako jibu lako na kumuuliza "ni sawa eh?" si kuhakiki. Atasema ni sawa.

Uzito upimwe siku hiyo, kwa kilo. Kama mizani inaonyesha pauni na kilo, funga upande wa pauni. Mtoto wa kilo 12 ni pauni 26, na dozi inapita maradufu bila mtu kushtuka.

Na mtoto hachoki polepole kama mtu mzima. Anajikaza, anajikaza, halafu anaanguka ghafla. Mtoto aliyekuwa analia na kupumua kwa nguvu kisha akatulia kimya, mwangalie sasa hivi. Huenda si nafuu.

---

Chati_Safi

Kwa kuwa hesabu imetajwa, dripu ya watu wazima: mililita mara matone kwa mililita, gawa kwa dakika. Lita 1 kwa saa 8 kwa seti (mrija wa dripu) ya matone 20 kwa mililita: 1000 mara 20 gawa 480, matone 42 kwa dakika. Soma idadi ya matone kwenye pakiti ya seti, zipo za 15, za 20 na za 60. Anayekariri "42" akabadilishiwa seti atakosea bila kujua.

Potasiamu kloraidi ndiyo isiyosamehe. Haisukumwi kwa sindano moja kwa moja, kamwe, inaweza kusimamisha moyo. Inachanganywa, mfuko unageuzwa mara kadhaa ili isitulie chini, na kwa mshipa wa mkono kasi ya kawaida haizidi milimoli 10 kwa saa.

---

Thieta_Namba_2

Nitakuwa mfupi. Thieta inapendwa kwa utulivu: mgonjwa mmoja kwa wakati, ratiba inajulikana. Utajifunza usafi wa hali ya juu na vyombo. Orodha ya usalama ya Shirika la Afya Duniani, ya 2008, ina vipengele 19 na vituo vitatu: kabla ya nusu kaputi, kabla ya kukata ngozi, kabla ya mgonjwa kutoka chumbani. Shashi, sindano na vyombo vinahesabiwa kabla ya kuanza, kabla ya kufunga tumbo na kabla ya kufunga ngozi, kwa sauti, na watu wawili wote wakitazama kitu kinachohesabiwa. Hesabu isipolingana, hakuna kufunga. Hapo mgeni anatakiwa awe na sauti mbele ya daktari mwenye haraka, kwa hiyo uliza mapema kama uongozi wa thieta humuunga mkono muuguzi anayesimamisha kazi kwa hesabu.

Gharama yake: baada ya miaka miwili thieta tu, kugawa dawa za wagonjwa wanane na kuongea na mgonjwa aliye macho kunakuwa kugeni. Kama hujui bado unataka kubobea wapi, si pa kuanzia.

---

Mlezi_wa_Wapya

Niongeze mbili zinazosahauliwa.

Kusafisha damu kwa mashine, kwa wenye figo zilizoshindwa: wagonjwa walewale, kwa kawaida mara 3 kwa wiki, saa 4 kila mara, mara nyingi hakuna usiku. Utajua figo na maji ya mwili kuliko wengi. Mtego wake ni kutaka kutoa maji yote leo. Wengi wanazingatia kikomo cha mililita 13 kwa kilo kwa saa. Mgonjwa wa kilo 60 kwa saa 4 ni lita 3.1 hivi. Akija na kilo 4.5 za ziada, ukizivuta zote atashuka presha na kukazwa misuli katikati ya zamu. Mkono wenye fistula (mshipa uliounganishwa kwa upasuaji ili kusafishia damu) haupimwi presha wala hautolewi damu, hata akienda wodi nyingine, na yeye mwenyewe afundishwe kukataa.

Afya ya akili: usiende kwa kuamini ni kazi nyepesi ya mwili. Ni kazi ya kusoma chumba. Jua mlango uko wapi kabla ya kukaa, mgonjwa asiwe kati yako na mlango, usiongee na mtu aliyepandwa hasira mkiwa wawili mnambishia. Na usiache vipimo vya mwili. Anayetumia lithiamu (dawa ya kutuliza hisia) akiharisha au kutapika, dawa hupanda kwenye damu: mikono kutetemeka sana, kuyumba, usingizi mzito. Ukiambiwa ni "tabia yake" atafika ICU.

---

MpyaKazini

Nimesoma yote. Swali la mwisho, na naona wengi hapa wataliuliza: ukifika ukakuta wiki ya tatu tu jina lako liko kwenye ratiba kama kiongozi wa zamu ya usiku, unafanyaje? Kukataa ni utovu wa nidhamu?

---

Zamu_ya_Usiku

Kusema huna uwezo huo bado ni wajibu wa leseni yako, mdogo wangu, na namna ya kusema ndiyo muhimu. Nenda kwa msimamizi wa wodi mapema, mchana, siyo saa moja kabla ya zamu. Taja vitu, siyo hisia. Mfano: "Sista, ratiba inaniweka kiongozi usiku wa Jumanne. Sijahakikiwa kutoa potasiamu kwa pampu, sijawahi kuongoza kumfufua mgonjwa, na sijakabidhiwa funguo za dawa zenye kulevya kama mofini kwa utaratibu. Naweza kufanya zamu hiyo chini ya muuguzi mwingine. Naomba abadilishwe mtu au aongezwe mtu." Baadaye andika hayohayo kwenye ujumbe au barua, weka tarehe, bakiza nakala.

Wakikataa na ukajikuta umeingia zamu, usiondoke ukawaacha wagonjwa, hilo ndilo kosa zito. Mwanzo wa zamu mpigie msimamizi wa usiku wa hospitali nzima, mweleze una wagonjwa wangapi, wa hatari ni wapi, na nani umempa taarifa. Pata namba ya daktari wa zamu kabla hujamhitaji.

Ukimpigia daktari, mpangilio wa hatua nne uliotoka kwa manowari za jeshi la wanamaji la Marekani ndio unaookoa muda: kinachotokea sasa, historia fupi, unavyoona wewe, unachotaka. "Daktari, kitanda cha 6, alama za onyo zimetoka 2 hadi 7 ndani ya saa mbili. Siku ya pili baada ya upasuaji wa tumbo. Nadhani anatoka damu ndani. Naomba uje sasa." Mgeni huacha sentensi ya mwisho, anasubiri daktari aamue kama aje.

---

Chati_Safi

Na wodi ngumu tofauti na wodi hatari. Ngumu: unachoka, unasahau kula, lakini ukiuliza unajibiwa. Vumilia hapo, miezi sita ya mwanzo karibu kila idara iko hivyo, na mwaka hadi miwili ndipo mikono inatulia. Hatari: ukiuliza unazomewa, makosa yanafichwa, vipimo vinabuniwa na wote wanajua. Hapo omba uhamisho hata mwezi wa tatu.

---

Kanula_18

Kabla ya zamu ya kwanza, idara yoyote ile: chanjo ya homa ya ini B, kwa ratiba ya kawaida dozi 3, mwezi 0, wa 1 na wa 6, kisha pima kama kinga imeshika. Ukijichoma sindano osha kwa maji yanayotiririka na sabuni, usikamue, toa taarifa muda huohuo. Dawa za kinga ya VVU zianze haraka, ndani ya saa chache, na si zaidi ya saa 72, kwa siku 28. Uliza siku ya kwanza zinatolewa wapi usiku na wikendi, na nani ana ufunguo.